Spea orijino au kopi? Tupeane uzoefu, hasa sisi wa visiwani

Mtu wa Bububu
Asalam alaykum. Leo nimetoka gereji Mwanakwerekwe roho inaniuma. IST yangu ya Toyota inagonga mbele kila shimo, fundi kasema boljointi zote mbili, vile viungo vya chini vinavyoshika magurudumu ya mbele, zimekwisha. Dukani kitu kimoja nimetajiwa bei tatu: mpya ya Japan 65,000, mtumba 30,000, kopi 18,000. Mwaka jana niliweka kopi. Haikufika miezi minne, mpira ukapasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

Dereva wa Nungwi
Miezi minne umebahatika. Yangu wiki sita.

Fundi Shaka
Hapa tutenganishe mambo. Toyota hatengenezi kila kitu mwenyewe. Plagi zake nyingi ni Denso, wotapampu Aisin, shokapu Kayaba. Ukizinunua kwenye boksi la hao wenyewe, bei huwa chini kuliko boksi la Toyota na kazi ni ileile. Kopi ni kiwanda kingine kimeigiza umbo, na anaweka jina lake. Feki ndiyo mbaya zaidi: kaandika Denso na Denso hamjui. Mie plagi feki naijua kwa ncha. Ya iridiamu ncha yake ya katikati nyembamba kama sindano, feki unakuta kipande kinene.

Mpemba wa Wete
Nilikuwa napita tu, lakini hii imenikumbusha siku nisiyotaka kuikumbuka.

Nilinunua pedi za breki za Noah kwa 25,000, boksi zuri, limeandikwa Japan. Wiki ya tatu gurudumu la mbele likaanza kulia kama msumeno. Nikasema vumbi hilo. Alfajiri ya siku ya pili nampeleka mama mkwe Mkoani kuwahi boti, ana miadi ya hospitali Unguja, na wanangu wawili wako nyuma. Mnaijua ile teremko ya mjini kushukia bandarini. Nakanyaga breki, pedeli ikazama kama nimekanyaga mto wa pamba. Nikapampu, hakuna kitu. Nikaiteremsha gia mpaka L, ile ya chini kabisa, injini ikapiga kelele. Hendibreki nikawa naivuta kidogo kidogo, maana ukiivuta yote mara moja gari inakugeuka. Mama mkwe anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, mwanangu mdogo kashika shingo yangu kwa nyuma. Nikaipeleka ubavuni kwenye ukingo wa udongo, ikaburuza mpaka ikasimama. Mbele yetu, hatua kama kumi, palikuwa na mama wa maandazi na beseni lake.

Tukafungua gurudumu. Pedi imebaki bati tupu, nyama yote imebanduka. Pistoni imechomoza nje, mafuta ya breki yametapakaa kwenye rimu. Boti tuliikosa.

Bi Chukwani
Subhanallah. Mwanangu naye anaendesha Noah. Namwita sasa hivi.

Kijana wa Amani
Pole kaka, ila usiilaumu spea peke yake. Fundi asipopaka grisi pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, pedi inakaa imekaza, inapata moto na kubanduka.

Mpemba wa Wete
Pini zilikuwa zinateleza vizuri, nilizishika kwa mkono wangu. Gundi ndiyo iliyoachia. Hukuwepo, ndugu yangu.

Kijana wa Amani
Sawa, nimekuelewa. Lakini ulisikia mlio siku nzima ukaendesha. Hilo nalo tuliseme.

Mpemba wa Wete
Hilo kweli. Wallahi hilo linaniuma kuliko yote.

Dereva wa Nungwi
Mie nanunua mtumba tu. Mtumba wa Japan unaishinda kopi mpya.

Fundi Shaka
Stata, taa, mlango, hata giaboksi, sina neno. Lakini shokapu na boljointi za mtumba? Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Unanunua uchovu wa gari ya mtu.

Dereva wa Nungwi
Shokapu zangu za mtumba zina mwaka wa pili, na Nungwi nnakwenda kila siku.

Mgeni wa Bara
Vukeni mje Gerezani, Dar. Bei huku chini.

Bi Chukwani
Na nauli ya boti kwenda na kurudi? Na ikiwa haikuingia, nivuke tena kuirudisha? Duka la mtaani kwangu nampa fundi ajaribu, isipoingia narudisha siku ileile.

Mtu wa Bububu
Nimeshaamua, za Japan zote mbili, nitakopa kidogo kwa ami. Fundi, nikiletewa boksi la 555, ile chapa ya Japan ya boljointi, nitazame nini kwanza?

Fundi Shaka
Boksi liweke pembeni. Shika ile shina ya juu ya boljointi, izungushe kwa vidole. Mpya inakaza, inakwenda kwa nguvu. Ikicheza kilaini, mrudishie hapohapo kabla hujatoa pesa.