Tupeane uzoefu: chanjo ya korona ilivyogawa nyumba zetu, Arusha na Moshi

Mama Wawili wa Rau
Wakuu, habari za jioni. Juzi binti yangu wa darasa la tano karudi na karatasi ya taarifa kutoka shule: chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Nikaiweka mezani. Shemeji akaichukua, akasoma, akasema, "Usithubutu. Hawa wanataka kumaliza kizazi." Ni maneno yaleyale aliyoyasema Agosti 2021 ilipoanza kuchomwa Johnson, ile chanjo ya korona. Sikulala. Naomba wenyeji wa huku mseme kwenu ilikuwaje. Hotuba za viongozi tulizisikia, mimi nataka yaliyotokea sebuleni.

Chalii wa Ngarenaro
Korona yenyewe si ilipigia hodi Arusha? Machi 16, 2020, Waziri Ummy Mwalimu anatangaza mgonjwa wa kwanza, mama aliyetoka Ubelgiji akashukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nilikuwa sokoni Kilombero. Jua halijazama, tangawizi na malimau yameshapanda bei, na ndoo zenye koki zimeisha madukani. Siku hizo hakukuwa na vyama, kila mtu alikuwa anaogopa tu.

Mpagazi wa Marangu
Kwetu siasa ilikuja baadaye, njaa ndiyo ilitangulia. Anga lilifungwa Aprili 2020 likafunguliwa Mei, lakini mlima ulibaki mtupu. Vijana waliozoea kubeba mizigo ya wageni walirudi kupalilia kahawa za baba zao. Chanjo ilipokuja, kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ikasema asiyechanjwa hapandi. Nikakunja mkono wa shati. Wapo wenzangu walionunua cheti bila kuchomwa, na wanajijua.

Kihamba cha Kibosho
Mimi nitaandika kirefu, mnivumilie.

Krismasi ya 2020. Nchi ilishatangazwa tangu Juni kwamba haina korona. Takwimu za mwisho tulizopewa zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo kimya. Kwa hiyo watu wa Dar, wa Mwanza, hadi wa Nairobi, wote walipanda nyumbani. Tukachinja. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo ya kutosha, na kata moja inazunguka kwa wazee wote waliokaa kwenye benchi chini ya mparachichi. Dada yangu ni nesi. Akaja na vikombe vya plastiki ndani ya karai, akaomba kwa heshima zote kila mzee anywee chake. Mjomba, ambaye ni kada wa CCM na balozi wa shina, akamuuliza mbele ya ukoo mzima: "Wewe unajua kuliko Rais?" Watu wakacheka. Karai likabaki pale pale kwenye majani mpaka jioni.

Mwishoni mwa Januari baba mkubwa akaanza kukohoa. Tarehe 27 Rais Magufuli alikuwa Chato, akasema chanjo hazifai, wazungu wangekuwa na uwezo wangeshaleta ya Ukimwi, sisi tujifukize na tumwombe Mungu. Mjomba akaiweka redio dirishani kwa mgonjwa ili asikie vizuri. Nyungu ikaletwa: mkaratusi, mchaichai, majani ya mlimau, blanketi juu. Baba mkubwa alikuwa hana nguvu hata ya kushikilia ukingo wa blanketi, tukamshikilia sisi. Dada anasema hospitali sasa hivi. Mjomba anasema ukimpeleka huko wanamuweka mashine, hatoki. Wakabishana mpaka taa za majirani zikazimika.

Alfajiri tukampakia kwenye gari la jirani. Hospitali siitaji, maana nyingi zilikuwa hivyo. Mitungi ya oksijeni haikutosha. Ndugu wa wagonjwa tulikuwa tunapigiana simu: nani anajua pa kupata, nani ana pikapu ya kuubeba. Sisi tulipata mmoja. Nilikaa pembeni ya kitanda, na nawaambia kweli, nilikuwa nautazama zaidi mshale wa geji ya mtungi kuliko nilivyomtazama mzee. Unashuka taratibu, haurudi juu. Alifariki kabla haujafika chini kabisa. Tukaambiwa nimonia. Mtaani likawa lile neno la msimu ule, "changamoto ya upumuaji."

Kwenye maziko padre akatukumbusha waraka wa maaskofu wetu wa mwezi ule, kwamba ugonjwa upo, tuachiane nafasi, tunawe. Mjomba akainuka katikati ya mahubiri, akatoka kupitia migombani. Wiki hizohizo, Februari 17, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, ambaye chama chake kilisema wazi kwamba ana korona. Siku hiyohiyo Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Na Machi 17 Mama Samia, akiwa Makamu, akatutangazia kifo cha Rais mwenyewe, ugonjwa wa moyo.

Sasa sikilizeni. Julai ikaja Johnson, dozi 1,058,400 kutoka Marekani kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo. Julai 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu, nchi nzima inatazama. Jumapili iliyofuata mjomba akaitisha kikao cha ukoo: "Mama amechanja, sote tuchanje." Dada akasimama. Akauliza, "Mjomba, leo unachanja kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya Rais? Maana vikombe nilileta." Mjomba hakujibu, akachukua kofia yake. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Krismasi mmoja anakula upande wa jikoni, mwingine upande wa barabara.

Babu wa Soweto
Pole sana, mangi. Kwetu hivyohivyo, ni majina tu yanabadilika.

Mama Wawili wa Rau
Nimelia hapo kwenye geji. Pole kwako na kwa dada.

Jembe la Sakina
Poleni na msiba. Lakini msimbebeshe Hayati kila kitu. Yule mzee alitunusuru na kufungiwa ndani. Uganda shule zilifungwa Machi 2020, za madarasa mengine zikafunguliwa Januari 2022! Kwetu Juni 29, 2020 watoto wote walikuwa darasani. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni angefungiwa mwezi mmoja tu, watoto wangekula nini? Mnasahau upesi.

Sista wa Zamu
Kaka Jembe, nakubali soko lisingefungwa. Mimi mwenyewe mama yangu alikuwa na genge. Ila kufungua soko ni jambo moja na kuficha idadi ya wagonjwa ni jingine. Ungeweza kuacha genge wazi na bado ukawaambia watu leo wameugua wangapi. Sisi wodini tulikuwa tunahesabu, halafu tunarudi nyumbani tunaambiwa na majirani kwamba tumetumwa na mabeberu.

Jembe la Sakina
Na lile papai ambalo Hayati Magufuli alisema sampuli yake ilikutwa na korona maabara? Na mbuzi? Vipimo vilikuwa na kasoro, usikatae.

Sista wa Zamu
Kipimo kikiwa na kasoro, kirekebishe, uendelee kupima na kutangaza. Huwezi kuvunja kioo kwa sababu uso una vumbi. Na nikukumbushe: Februari 2021 Waziri wa Afya Dk. Dorothy Gwajima alituambia wizara haina mpango wa kupokea chanjo. Julai, waziri huyohuyo anahimiza watu wachanjwe. Na mimi niliyetumwa mtaani kuhamasisha, mama wa watu ananiuliza, "Mwanangu, tushike lipi?" Ningemjibu nini? Hapo ndipo imani ilipovunjika, kaka. Askofu Josephat Gwajima, yule mbunge aliyeipinga chanjo, alikuta mlango uko wazi.

Jembe la Sakina
Askofu alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Mbunge wa CCM huyo, siyo mpinzani.

Chalii wa Ngarenaro
Jamani, mama kasema sebuleni, nyie mmeshafika Dodoma.

Dereva wa Namanga
Mei 2020 madereva tunapimwa upande wa Kenya, wenzetu wanaambiwa wanayo. Wanarudishwa, wanapimwa Arusha, wanaambiwa hawana. Watu walewale, koo lilelile. Tulilala foleni chini ya malori wakati wakubwa wanajibizana. Toka siku hiyo mke wangu akisikia neno "kipimo" anauliza, "Cha nchi gani?"

Binti Tengeru
Nimewasoma kimya tangu mchana. Mimi nilichanjwa kwa siri.

Nina pumu. Kanisa tulilokuwa tunasali na mume wangu, maeneo ya Kwa Mrombo, lilikuwa linapinga kabisa. Zile klipu za Askofu zilikuwa zinarushwa kwenye kundi la wanawake asubuhi na jioni. Agosti 2021 wahudumu wa afya wakaweka meza karibu na stendi ya vifodi, daladala zetu ndogo. Nilipita mara ya kwanza, nikarudi, nikakaa. Bega la kushoto. Usiku homa ikanishika, mume akajua ni malaria, akaninunulia mseto. Nikanywa ili asihoji. Kadi niliifunga kwenye nailoni nikaizika ndani ya ndoo ya unga wa dona.

Mama mkwe akaja kutoka Machame. Mimi nipo kazini, akaamua kusonga ugali. Mkono ukagusa nailoni.

Niliporudi, wazee wa kanisa watatu wapo sebuleni na kadi iko juu ya meza, bado ina unga. Swali la kwanza: "Umemuuza mume wako shilingi ngapi?" La pili: "Utazaa tena wewe?" Mume hakufungua mdomo. Usiku uleule nikaambiwa nirudi kwetu "mpaka damu isafike." Nilipanda kifodi na mtoto mgongoni.

Mama Wawili wa Rau
MUNGU WANGU. Ikawaje?

Mpagazi wa Marangu
Dada usiishie hapo tafadhali.

Babu wa Soweto
Binti yangu, jambo hili lilitaka mshenga. Ungemtafuta mshenga wako kwanza, wazee wa kanisa siyo wazee wa ndoa.

Chalii wa Ngarenaro
Mshenga wa nini, babu? Ustawi wa jamii moja kwa moja. Mke anafukuzwa na mtoto mgongoni kwa ajili ya sindano?

Jembe la Sakina
Mimi mnanijua msimamo wangu, lakini hii hapana. Mtu ana pumu! Mwili ni wake. Ila dada, ungemwambia mume mapema.

Kihamba cha Kibosho
Angemwambia mapema asingechanjwa. Umesoma kweli?

Dereva wa Namanga
Mnunulie mama mkwe kitenge, mambo yaishe. Au usimnunulie, ajinunulie mwenyewe.

Sista wa Zamu
Wakati tunamsubiri dada, nimjibu mwenye mada. Mama Wawili, chanjo ya HPV siyo mgeni kwetu. Majaribio yake kwa Tanzania yalifanyika hapahapa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Mwaka 2018 ikaenda nchi nzima, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Wale wa 2014 sasa ni watu wazima. Nawapokea wodi ya wazazi, wanajifungua salama, na kliniki nawachanjia watoto wao surua na polio kama mama zao walivyochanjwa. Saratani yenyewe nimeiona kwa macho. Sitaki hata kuwaeleza harufu ya wodi ile.

Jembe la Sakina
Hapo nakuunga mkono, Sista. Binti yangu mkubwa alichomwa akiwa sekondari. Ya korona nina maswali yangu mpaka leo, hii sina.

Babu wa Soweto
Mimi nasema msubiri kidogo muone wengine.

Sista wa Zamu
Babu shikamoo. Wengine tumeshawaona miaka kumi.

Binti Tengeru
Nimerudi, nilikuwa nalaza watoto.

Nilikaa kwetu mpaka mwaka ukageuka. Mume wangu ni fundi wa magari ya utalii, akapata nafasi ya mafunzo nje ya nchi. Wakamdai cheti cha chanjo. Siku moja namuona getini kwa mama, kofia mkononi. Hakuomba msamaha siku ile. Aliuliza, "Ile meza uliyochomwa ilikuwa inakaa wapi?" Nikamtazama sana. Nikajifunga khanga nikampeleka kituo cha afya, akachomwa na mimi nimesimama pale. Msamaha ulikuja baadaye, mbele ya baba yangu na mshenga, babu alisema kweli. Tulihama lile kanisa. Mtoto wetu wa tatu kazaliwa 2023, na wale wazee watatu walipata habari.

Mama Wawili wa Rau
Na mama mkwe?

Binti Tengeru
Anakuja kuona wajukuu, tunaelewana. Ila anakuja na unga wake kutoka Machame.

Chalii wa Ngarenaro
Ukibaki nitumie, nipo hapa Ngarenaro.