Karata zikikataa mfululizo, mtu afanyeje?

Kondele, Kisumu: Wakuu, nacheza poka, karata za kuweka dau, meza ya kiingilio (pesa ya kukalia meza) cha shilingi 2,000. Karata zangu nzuri zinashindwa wiki nzima. Nibadilishe mchezo?

Milimani, Nakuru: Hesabu kwanza, ndugu. Ree mbili, karata za juu kabisa, dhidi ya wafalme wawili, pesa zote zikiwekwa mapema, hushindwa karibu mara 18 kwa 100. Huo si mkosi. Mtaji uwe viingilio 30, yaani 60,000, isiwe pesa ya kodi wala karo. Ukibaki na 40,000, shuka meza ya 1,000.

Kakamega: Na viingilio 3 vikienda siku moja, inuka. Anayefukuza hasara hulipia kila dau kwa karata mbovu. Andika ulivyocheza, ukague kesho kichwa kikitulia.

Kondele, Kisumu: Nikikopa ili nirudishe nilichopoteza?

Milimani, Nakuru: Usithubutu! Acha meza kabisa, mwambie mtu wa nyumbani.