Mrejesho: KB5034441 imeingia, kosa 0x80070643 limekwisha

Wandugu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kompyuta za ofisi hapa Bukavu, zote Windows 10, zinakataa sasisho la usalama KB5034441 la Januari 2024. Tatizo halikuwa intaneti, kwa hiyo msipakue tena na tena mkamaliza mega bure. Sehemu ya uokoaji ya diski (pale Windows inapoweka zana za kujirekebisha) ni ndogo: sasisho linataka MB 250 zilizo wazi humo.

Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi. Windows ya Kifaransa hutumia amri zilezile. `reagentc /info` inakupa namba ya diski na ya sehemu, ziandike. Kisha `reagentc /disable`. Hapo simama kwanza: `dir /a C:\Windows\System32\Recovery` lazima ionyeshe Winre.wim, faili la mfumo wa uokoaji. Isipokuwepo, usifute chochote.

Ndani ya `diskpart` (zana ya kugawa diski), chagua diski kwa `select disk` na namba yake, kisha kwa `select partition` chagua sehemu ya Windows, uipunguze kwa `shrink desired=250 minimum=250`, halafu chagua ile ya uokoaji na `delete partition override`. Amri hii haiulizi mara mbili. Namba isiyo sahihi inafuta data zako, basi nakili mafaili nje mapema, na usianze bila betri au UPS, umeme wetu tunaujua.

Kisha unda sehemu mpya ya uokoaji, kulingana na diski yako imepangwa kwa mfumo wa GPT au MBR. Diski ya GPT:
`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`

Ya MBR: `create partition primary id=27`.

Malizia `format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"`, toka, `reagentc /enable`, tafuta sasisho upya.

Ikiwa sehemu ya uokoaji iko mwanzoni mwa diski, haitaungana na nafasi mpya. Punguza MB 1000 badala ya 250.