Kisiwa kisicho na gridi: kila nyumba iwekewe kikomo cha umeme, au mwenye pesa avute anavyotaka?

Mleta mada:
Wadau, kila ikitajwa nishati jadidifu visiwani tunaishia kubishana jua na upepo, kipi bora. Kwangu mimi swali gumu linakuja baadaye: umeme ukishapatikana, unagawanywaje?

Chukueni Eigg, kisiwa kidogo magharibi mwa Uskoti chenye watu kama 100. Gridi ya bara haijafika huko. Hadi mwaka 2008 watu walikuwa wakihangaika na majenereta yao ya dizeli. Mwaka huo wakawasha mfumo wao wenyewe: mitambo ya maji, mkubwa wao wa kilowati 100, mitambo 4 midogo ya upepo, paneli za jua, betri, na jenereta za akiba. Kanuni ni moja: nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, biashara 10. Ukizidisha, umeme wako unajikata.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mgao. Siyo. Hakuna anayekupangia uniti za mwezi. Kinachobanwa ni kuvuta kwa mkupuo. Birika la umeme peke yake linakula kilowati 2 hadi 3. Washa na mashine ya kufulia inayopasha maji, halafu chomeka pasi, umeshapita. Basi unangoja maji ya chai yachemke ndipo ufue. Kungoja huko ndiko kunakobeba mfumo mzima, maana kinachouangusha ni ile saa ya jioni ambayo kila nyumba imewasha kila kitu. Bila kikomo, itabidi mnunue betri na mitambo ya kutosha saa hiyo moja, vikae bure saa zilizobaki, au mrudi kwenye dizeli inayoletwa kwa boti.

Msimamo wangu: kikomo kiwepo, na kisiuzwe. Siku mtu mmoja akiruhusiwa kulipia kilowati 15, majirani ndio watakaozimikiwa.

Mchangiaji:
Mkuu, usawa huo ni wa kwenye karatasi. Bibi anayeishi peke yake na nyumba ya watu 8 wanapewa kilowati 5 zile zile? Na magari ya umeme yanakuja, watu wanataka kupasha nyumba joto kwa umeme. Mbona El Hierro, kule Visiwa vya Kanari vya Hispania, hawakumbana mtu? Wana mitambo 5 ya upepo, megawati 11.5 kwa jumla, tangu 2014. Upepo ukizidi wanasukuma maji hadi bwawa la juu, ukilala wanayaachia yashuke yazalishe umeme. Jengeni kikubwa, acheni kubana watu.

Mleta mada:
El Hierro nawavulia kofia. Mwaka 2019 walikaa zaidi ya wiki 3 mfululizo bila dizeli. Lakini ukihesabu mwaka mzima, dizeli ilibaki kubeba karibu nusu ya umeme wao, na hicho ni kisiwa cha watu zaidi ya 10,000 chenye Hispania nyuma yake. Watu 100 watakopa wapi bwawa la namna hiyo?

Hoja ya nyumba ya watu 8 naikubali, ina uzito. Kikomo kinaweza kufuata idadi ya watu ndani ya nyumba na bado kisifuate mfuko. Gari nalo linachajika usiku, taratibu, kwa kilowati 2. Kuhusu joto, Eigg wana utaratibu mzuri: mvua na upepo vikileta ziada, umeme huo unapasha majengo ya jamii, ambayo ni ya wote. Kwa hiyo nafasi ya kukua ipo, mkiongeza paneli na betri kikomo kinapanda, kwa nyumba zote kwa pamoja.

Anayetaka kikomo kiuzwe atujibu hili: jioni upepo umelala na betri ziko chini, nani azimiwe kwanza, na nani atakwenda kumwambia?