Mrejesho: wakili wa talaka na malezi ya watoto, Mbeya

Wakuu, niliuliza nitampata wapi wakili wa talaka na malezi ya watoto hapa Mbeya. Ahsanteni sana. Aliyesema nianzie baraza la usuluhishi la kata kabla ya kumlipa wakili, ubarikiwe: karani wa mahakama kitu cha kwanza aliulizia fomu namba 3 ya baraza, ile ya kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Wakili nimempata mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya, nikahakiki jina lake e-Wakili (mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili), malipo tukaandikishana. (Nauli ya bajaji anadai kando, haya bwana.)

Talaka imetoka. Mdogo, miaka 4, yuko kwangu. Sheria ya Ndoa ya 1971 humwelekea mama mtoto akiwa chini ya miaka 7. Mkubwa kabaki Uyole kwa baba yake, likizo anakuja. Matunzo ndiyo yanasuasua: amri ipo, ila mwezi huu hajaleta hata debe la mahindi. Tunarudi mahakamani kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza.