Makaburi ya kale ya Turkana: tuyazungushie ua au tuyaache wazi?

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi.

Lothagam North, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ukipita mbiombio utadhani ni mawe tu yaliyorundikwa juani. Kumbe chini ya jukwaa lile, lenye upana wa mita 30 hivi, wamelala watu wasiopungua 580, kwa makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2018. Ni wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita, zama ambazo mvua zilipungua na ziwa likawa linarudi nyuma. Walichimba hadi kwenye mwamba, wakazika humo kizazi baada ya kizazi, hatimaye wakapafunika na kusimamisha nguzo za mawe. Kinachonigusa zaidi ni hiki: wazee, vichanga, wake kwa waume, karibu kila mmoja alizikwa na pambo lake. Ushanga wa maganda ya mayai ya mbuni, mawe ya rangi, hata pambo la kichwani la meno ya panya wa jangwani. Kaburi la mfalme halimo.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ipo, lakini sheria haifukuzi tipa. Ninayemwogopa mimi si mbuzi wa Mturkana, ni kontrakta anayeona kokoto ya bure. Kwa hiyo nasema ua tusijenge. Seng'enge itaibwa, na ikisalia itamwonyesha kila mpita njia kwamba hapa pana kitu cha kufukua. Marundo yote yachorwe kwenye ramani kabla ya kibali chochote cha kuchimba moramu, na wafugaji wa pale pale walipwe kuwa walinzi.

Semeni.

Mdau wa Nakuru: Ndugu, njoo huku Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Kililindwa kisheria tangu 1943, na kina makaburi ya wafugaji wa kale, wanawake wamezikwa na vyombo vyao vya mawe. Mji umeshafika mlangoni. Bila mpaka na mlinzi, leo ungekuta maflati juu ya mifupa. Unaongea hivyo kwa sababu Lothagam bado ni mbali na mji.

Mama wa Kalokol: Hao walinzi watalipwa na nani? Huku tumeahidiwa mishahara mpaka masikio yamechoka. Halafu mfugaji anahama. Kiangazi kikikaza, utamkuta nani pale?

Mwanzilishi wa mada: Wa Nakuru, nimekubali, mjini ua ni lazima. Ila usinihamishie Nakuru hadi jangwani. Mama, umenibana. Nilikuwa nataka kusema kiingilio cha wageni kilipe, nikajiuliza ni wageni wangapi wanaofika Lothagam kwa mwezi. Mwenye wazo la hela alete, la ramani siliachi.