Mrejesho: sakafu ya Corolla na kapeti jipya

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu uvundo kwenye Corolla AE100 yangu ya 1994: nifue kapeti au ning'oe lote? Wengi mlisema ng'oa. Asanteni sana, mmeniokolea gari.

Nilichomoa betri, nikafungua viti kwa spana ya 14, kisha mikanda na plastiki za milangoni. Kapeti lilitoka zito kama gunia lililonyeshewa. Upande wa abiria, sponji ya chini ukiibonyeza inachuruzika maji, na bati limeshika kutu inayobanduka kwa kucha kama maganda ya kitunguu. Tundu moja lilipitisha kidole gumba. Chanzo ni mpira wa kutolea maji ya AC: uliziba kwa tope, maji yakawa yanarudi ndani. Nimeuzibua kwanza, maana bila hivyo rangi ni kazi bure.

Tundu limechomelewa kiraka cha bati. Kwingine nilipiga brashi ya chuma, msasa, nikafuta kwa thina, halafu praima ya kuzuia kutu mara mbili na rangi mara mbili. Nikaiacha siku tatu ikauke, hapo msiharakishe. Fundi mmoja alitaka tupake lami juu ya kutu ileile. Nilikataa, kutu ingeendelea kula kimyakimya.

Kapeti jipya nililianika juani lilainike, nikalikata kwa kufuata la zamani. Karibu na gia bado limekunjamana kidogo. Juzi mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi nimepapasa chini, pakavu kabisa.